Chumvi ya Januari, majani ya Julai

Katikati ya Julai, kwenye barabara kuu za Warsaw, mji mkuu wa Poland, kuna miti inayoonekana kana kwamba imepitiwa na moto. Haijaungua. Imesimama wima kandokando ya njia za waenda kwa miguu, gome halina jeraha, lakini majani yamekauka pembezoni ilhali majira ya kupukutika bado yako mbali. Chuma jani moja la mtilia, mti ambao Wajerumani huuita Linde na ambao umejaa katika mitaa ya Ulaya ya Kati, kisha ulitazame kwa karibu. Kandokando ya mshipa mkuu bado ni kijani kibichi. Ukingoni ni kahawia, kavu, linavunjika likibanwa kwa vidole. Kati ya sehemu hizo mbili kuna utepe mwembamba wa manjano, na utepe huo husogea kuelekea ndani kadiri wiki zinavyopita.

Mgeni atasema ni ukame. Bwana miti wa jiji atauliza kwanza majira ya baridi yalikuwaje: theluji ilianguka mara ngapi, na magari ya kumwaga chumvi yalipita mara ngapi.

Kati ya siku chumvi inapomwagwa na siku mti unapoonyesha maumivu hupita miezi mitano au sita. Aliyeimwaga ameshasahau, theluji imeyeyuka, barabara imeoshwa na mvua. Kuchelewa huko ndiko kulikowafanya wahandisi wa barabara na watunza miti wabishane kwa miongo mingi, na ndiko kunakofanya hata leo iwe vigumu kumshawishi mwenye nyumba kwamba kile kigunia cha chumvi alichonunua dukani kina uhusiano wowote na mti uliokufa mbele ya mlango wake.

Jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, lilianza kuijaribu chumvi barabarani mwaka 1938. Kabla ya hapo watu walitegemea koleo, mchanga na majivu. Kufikia majira ya baridi ya 1941 na 1942 New Hampshire ilikuwa imeifanya chumvi kuwa utaratibu wa kawaida, na Marekani nzima ilitumia takriban tani 5,000 msimu huo. Baada ya vita vya pili vya dunia magari yaliongezeka, barabara kuu zikajengwa, na madereva wakazoea kuiona lami nyeusi hata baada ya dhoruba. Leo nchi hiyo humwaga zaidi ya tani milioni 20 kwa mwaka. Nyingi huchimbwa kama mawe. Mgodi wa Goderich, jimbo la Ontario nchini Kanada, ndio mkubwa kuliko migodi yote ya chumvi ya chini ya ardhi duniani. Wachimbaji wake hufanya kazi takriban mita 550 chini ya Ziwa Huron, wakikata mabaki ya bahari iliyokauka mamilioni ya miaka iliyopita.

Kazi ya chumvi ni rahisi kueleza. Maji matupu huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Chumvi ikifika asilimia 23 ya uzito wa mchanganyiko, maji hayo hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Huo ni mpaka wa maabara. Barabarani, baridi ikizidi nyuzi tisa au kumi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, na hapo baadhi ya miji huongeza kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Ni bidhaa ya bei nafuu, inabebeka, inakaa ghalani bila kuoza, na imeokoa maisha ya watu wengi barabarani. Anayeitetea miti asianze kwa kulikana hilo.

Lakini kiasi chake kina uzito wake. Chukua barabara yenye upana wa mita saba, umwage gramu 20 kwa kila mita ya mraba, kipimo cha kawaida kwa mashine za kisasa. Kila kilomita moja imepokea kilo 140 kwa safari moja ya gari. Usiku wa theluji nzito gari hilo hurudi tena na tena, na msimu una usiku mwingi wa namna hiyo. Chumvi yote hiyo haipotei barafu inapoyeyuka. Huenda mtaroni, huenda mtoni, na sehemu yake huingia katika kile kiduara cha udongo ambamo mti umepandwa.

Chumvi huufikia mti kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewani. Magari yaendayo kasi hurusha matone ya maji ya chumvi, na upepo huyabeba hadi makumi ya mita kutoka kwenye lami. Matone hutua juu ya matumba yanayosubiri kuchanua. Ifikapo Aprili, matawi yanayotazama barabara huchelewa kutoa majani au hufa ncha, kisha machipukizi mengi huibuka kwa pamoja nyuma ya ncha iliyokufa, yakasongamana mahali pamoja. Misonobari huumia zaidi kwa njia hii kwa sababu haipukutishi majani yake wakati wa baridi; sindano zake hugeuka kahawia kuanzia nchani, na mwezi wa Machi mtu anaweza kusimama msituni akatambua barabara iko upande gani kwa kutazama tu upande ulioungua.

Njia ya pili ni ya chini, na mjini ndiyo inayoua zaidi. Gari la kusukuma theluji linapopita, huitupa pembeni, na pembeni ndipo mti ulipo. Wenye maduka nao hukwangua mlangoni na kulundika palepale, kwenye shimo la mraba lililozungukwa na zege, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo lundo halimzuii mpita njia. Lundo hilo limejaa chumvi, na likiyeyuka maji yake hayana pa kwenda ila chini, kwenye mizizi.

Mvuvi wa pwani anayempaka samaki chumvi ili apate ng'onda anajua jinsi chumvi inavyoyavuta maji yatoke ndani ya nyama. Udongo wenye chumvi huufanyia mzizi jambo hilohilo. Maji yapo, pengine tele, lakini mzizi hauna nguvu ya kuyavuta kwa sababu chumvi iliyo nje inayashikilia. Mti unaona kiu huku umesimama katika udongo uliolowa.

Kisha sodiamu, mojawapo ya sehemu mbili zinazounda chumvi, huuharibu udongo wenyewe. Chembe za mfinyanzi kwa kawaida hushikilia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, ambavyo ni chakula cha mti. Sodiamu ikija kwa wingi huving'oa na kukalia nafasi zake, na chakula hicho husombwa na maji. Bila kalsiamu, chembe hazishikamani tena kuwa mabonge madogo yenye vijitundu vya hewa. Husambaratika na kuziba kila upenyo. Udongo huo ukilowa huteleza, ukikauka huwa mgumu kama tofali, na mizizi iliyomo hukosa pumzi. Uharibifu huu hubaki hata miaka ambayo theluji haikuanguka kabisa.

Kloridi, sehemu ya pili ya chumvi, ina tabia tofauti. Udongo hauishikilii, husafiri na maji, huingia mzizini, hupanda shinani, hufika kwenye jani. Jani linapoyatoa maji hewani, kloridi hubaki. Kila siku ya joto huongeza kidogo juu ya ile ya jana. Ndiyo maana kuungua huanzia ukingoni, mwisho wa safari ya maji, na ndiyo maana huonekana katikati ya kiangazi: mti umekuwa ukijijaza sumu polepole tangu siku ulipofungua majani.

Je, unajihami vipi? Hapa miti hutofautiana sana, na Warsaw ni mahali pazuri pa kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa wanasayansi wake, akiwemo Wojciech Dmuchowski, wameifuatilia miti ya mitaani kwa miaka mingi wakipima klorini na sodiamu ndani ya majani. Mginko, mti wa asili ya China, hustahimili vizuri mitaa ileile inayoidhoofisha mitilia. Vipimo vinaonyesha sababu: mginko hudhibiti kinachoingia kutoka udongoni, na hata kile kilichoingia huzuiwa kisifike majanini. Jani hubaki safi, nalo huendelea na kazi yake mpaka wakati wake wa kupukutika.

Msomaji aliyekulia Lamu, Pemba au Rufiji anaijua miti iliyolimaliza somo hili zamani. Mkoko, ule wenye mizizi mirefu iliyopinda na kuingia matopeni, huchuja sehemu kubwa sana ya chumvi mzizini kabla maji hayajapanda. Mchu umechukua njia nyingine. Huiruhusu chumvi iingie, kisha huitoa kupitia vitezi vya majani. Siku ya jua kali chembe zake huonekana kwa macho, na ukiligusisha jani ulimini utazionja. Miti hii imeishi na maji ya bahari kwa vizazi visivyohesabika.

Mtilia hauna vitezi vya mchu wala kichujio cha mkoko. Asili yake ni misitu yenye udongo mzuri na maji baridi, na hakuna chochote katika historia yake kilichouandaa kwa Januari ya mjini. Hutumia silaha ulizo nazo. Hufunga vinyweleo vya majani ili usivute maji mengi, na kwa kufanya hivyo hujipunguzia pia chakula, kwa kuwa hewa inayotengenezea sukari hupitia humohumo. Huyaacha majani yaliyojaa kloridi yaanguke mapema, wakati mwingine Agosti, na hivyo huitupa sehemu ya sumu. Sehemu nyingine huirudisha vijitini kabla jani halijaanguka, ikakaa humo mpaka mwaka unaofuata. Mti huanza msimu mpya ukiwa na deni la msimu uliopita.

Mti uliopoteza majani Agosti unaweza kuchipua tena Septemba au Oktoba, hata kutoa maua, na mpita njia akafurahi akidhani umepona. Haujapona. Umetumia akiba ya wanga uliyoiweka kwa ajili ya mwaka ujao, na majani hayo mateke hayatapata muda wa kuirudisha kabla baridi haijayaua. Ukifanya hivyo miaka mitatu au minne mfululizo, ncha za matawi hufa, kilele huwa chepesi, mbingu huonekana kupitia katikati. Mwishowe kuvu au mdudu huingia na kumaliza kazi, na katika daftari la manispaa huandikwa jina la kuvu.

Kuna bahati moja: mtilia hulala wakati wa baridi. Hauna majani, hauvuti maji mengi, na chumvi inayotua Januari haiingii mara moja. Mvua za Machi na Aprili zikiwa nzuri, huisukuma kloridi chini zaidi ya mizizi kabla matumba hayajafunguka. Masika yakiwa makavu, inabaki palepale, na mti ukiamka huinywa yote. Kwa hiyo majira mawili ya baridi yenye chumvi sawa yanaweza kuleta viangazi viwili tofauti kabisa.

New Hampshire yenyewe, iliyoanzisha utaratibu huu, ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kulipa gharama yake. Katika miaka ya 1950 miti ya mepo, ile inayotoa maji matamu ya kupikia sharubati, ilianza kufa kando ya barabara kuu, na idara ya barabara ikalazimika kuondoa maelfu ya miti mikavu. Kufikia miaka ya 1960 watafiti wa jimbo hilo walikuwa wameihusisha hali hiyo na chumvi. Hadithi hiyo ilijirudia katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, karibu na Lake Placid palipofanyika Olimpiki ya majira ya baridi ya 1980: kando ya Barabara ya 73 miti ya betula yenye magome meupe ilikufa kwa wingi. Ilichukua mpaka Desemba 2020 kwa jimbo la New York kupitisha sheria ya kuunda kikosi cha kutafuta jinsi ya kupunguza chumvi katika milima hiyo.

Kanada ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2001, baada ya tathmini ya miaka kadhaa, serikali yake ilitamka kwamba chumvi ya barabarani, ambayo nchi hiyo ilikuwa ikitumia takriban tani milioni tano kwa mwaka, ni sumu kwa mazingira kwa mujibu wa sheria. Haikuipiga marufuku, bali ilitoa mwongozo mwaka 2004 kuhusu kuihifadhi chini ya paa, kuipima na kuitumia kwa uangalifu.

Berlin inastahili kutazamwa kwa kirefu zaidi. Jiji hilo lina takriban miti 430,000 ya mitaani, na zaidi ya theluthi moja ni mitilia. Barabara yake mashuhuri, Unter den Linden, imebeba jina la miti hiyo tangu ilipopandwa mwaka 1647 kwa amri ya mtawala Friedrich Wilhelm. Miti hiyo imekatwa na kupandwa upya zaidi ya mara moja: ilikatwa miaka ya 1930 kupisha ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, na iliyopandwa baadaye ikateketea katika vita au ikageuzwa kuni na watu waliokuwa wakiganda kwa baridi. Kwa jiji lenye kumbukumbu kama hiyo, mti wa mtaani si pambo.

Majira ya baridi ya 1978 na 1979 yalikuwa makali mno kaskazini mwa Ujerumani, na chumvi ilimwagwa bila kipimo. Miti ilionyesha matokeo, na tangu miaka ya 1980 Berlin Magharibi ikawakataza wakazi kutumia chumvi. Katazo hilo lipo hadi leo kwa jiji zima. Njia ya mbele ya nyumba lazima iwe imesafishwa kufikia saa moja asubuhi siku za kazi, lakini kwa koleo, fagio na kokoto ndogo zinazozuia utelezi. Anayemwaga chumvi anaweza kutozwa faini ya hadi euro 10,000. Shirika la usafi la jiji linaruhusiwa kuitumia katika barabara kuu na sehemu za hatari, nalo hutumia chumvi iliyolowanishwa: sehemu 70 kavu kwa sehemu 30 za maji ya chumvi. Chumvi kavu hurukaruka ikigonga lami na kupeperuka hadi pembeni. Iliyolowa hunata pale ilipoangukia, na kiasi kidogo hufanya kazi ileile.

Kila barafu nene inapotanda, malalamiko hurudi. Wazee huanguka na kuvunjika nyonga, na hospitali hujaa. Ni hoja nzito, na mtu asiijibu kwa kuonyesha mti. Lakini inafaa kutenganisha mambo mawili. Gari la jiji lina mashine inayopima gramu. Mtu aliye mlangoni kwake na ndoo hana, na konzi yake moja aghalabu huzidi mara nyingi kipimo kinachohitajika kwa hatua ile aliyosimama. Chumvi hiyo ya mikononi ndiyo iliyo karibu zaidi na mizizi, na ndiyo iliyo rahisi kuiacha, kwa sababu theluji iliyokwanguliwa mapema kabla haijakanyagwa ikawa barafu haihitaji chumvi hata kidogo. Waswahili wanaoishi Berlin, Toronto au Minneapolis wanaokabidhiwa zamu ya kusafisha ngazi za jengo wanalo jukumu hilo sawa na jirani zao.

Warsaw imeongeza kinga ya aina yake. Kila inapokaribia Desemba, katika barabara zenye magari mengi, mikeka ya majani makavu ya nafaka hufungwa kwenye vigingi kati ya lami na miti. Hupokea matone yanayorushwa na magurudumu, na masika huondolewa. Ni kazi ya mikono na haizuii chumvi inayopita chini, ila inalinda vichaka na matumba ya chini.

Kwa udongo ulioharibika tayari, dawa inayojulikana ni jasi. Kalsiamu iliyomo huing'oa sodiamu kutoka kwenye mfinyanzi, kisha maji mengi yaliyo safi huiosha. Bila maji, jasi ni unga tu. Hapo ndipo wakazi wa Berlin wamepata la kufanya: tangu mwaka 2020 kuna ramani ya mtandaoni iitwayo Gieß den Kiez, ambapo mkazi hutafuta mti wa mtaani kwake, huona umri na aina yake, na hujiandikisha kuumwagilia. Wengi huchota maji kwenye pampu za mkono za barabarani, ambazo jiji lina takriban 2,000. Ukame wa mwaka 2018 na miaka iliyofuata ndio uliowasukuma watu, lakini maji hayohayo yakimwagwa mapema, kabla majani hayajafunguka, hufanya kazi mbili kwa pamoja.

Wengine wanasema suluhisho ni kubadilisha miti tu: kung'oa mitilia na kupanda mginko, mwaloni, robinia au gleditsia ya Marekani, ambayo yote hustahimili chumvi zaidi. Kuchanganya aina ni jambo la busara, kwa kuwa mtaa wenye aina moja hufa kwa ugonjwa mmoja. Ila kuuchagua mti kwa uwezo wake wa kuvumilia sumu, huku sumu ikiendelea kumwagwa kwa kiwango kilekile, ni kuuhamisha mzigo. Kloridi ambayo mginko umeikataa inabaki udongoni au inashuka kwenye maji ya ardhini, na kuna miji inayokunywa maji hayo.

Lenye tija zaidi halionekani kwa mpita njia, nalo ni ukubwa wa shimo. Miongozo ya upandaji inayotumika Ujerumani inataka angalau mita 12 za ujazo kwa mti mmoja wa mtaani. Miti mingi ya zamani ilipandwa katika sehemu ndogo ya kiasi hicho, kisha lami ikasogezwa hadi shingoni. Katika udongo mwingi wenye matundu, chumvi hutawanyika, mvua hupenya na kuiosha, na mizizi hupata pa kwenda. Ukingo wa saruji ulioinuliwa kidogo kuzunguka shimo huyazuia maji ya barabarani yasiingie moja kwa moja. Kazi hii ni ghali ikifanywa peke yake na nafuu ikifanywa wakati mtaa umefumuliwa kwa ajili ya mabomba au nyaya, kwa hiyo bwana miti anapaswa kuwa mezani tangu mhandisi anapochora ramani, kabla mashine ya kuvunja lami haijaagizwa.